Seva ya duka ikilalamika kuhusu kwota: onyo lipi ni kelele, lipi ni hasara

Mteja amelipa kwa simu, ujumbe anao, lakini kompyuta ya duka inasema bado hajalipa. Kabla ya kumwambia alipe tena, angalia taarifa ya tili yako kwa simu. Pesa ikiwa imeingia, mwambie fundi akague diski ya seva. Diski iliyojaa haiandiki uthibitisho hata wa shilingi 10.

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Ruiru na tawi Thika, yote mawili yakiweka rekodi kwa seva moja ya Linux. Vijana wa Ruiru wanapakia picha za bidhaa kila siku, hadi siku moja picha zimekula nafasi yote. Dawa ni kumwekea kila mtumiaji kikomo cha nafasi, ndicho mafundi huita kwota. Shida ni kwamba fundi akianza kuiweka, skrini inajaa maonyo.

La kwanza hutoka kwa quotacheck: "Cannot stat old user quota file". Haijapata faili ya zamani ya kwota. Kama ndiyo mara ya kwanza kuweka, hiyo ya zamani ingetoka wapi? Endelea tu.

La pili ndilo linalochanganya watu: "Module quota_v2 not found". Moduli ni kipande cha kerneli, yaani kiini cha Linux, kinachoingizwa kikihitajika. Kuna kerneli ambazo kazi hiyo imejengwa ndani kabisa, na hapo onyo halina uzito. Lakini kwa Ubuntu ya seva za kukodi, mara nyingi kipande hakipo kweli, kwa sababu kerneli zake hupunguzwa ziwe nyepesi. Fundi ataandika:

sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)

Ile sehemu ya uname ni muhimu. Moduli lazima ilingane na kerneli inayotumika sasa hivi, si ile iliyosasishwa jana ikingoja seva izimwe na kuwashwa.

Sasa la hatari. quotaon ikisema "Quota format not supported in kernel", hakuna kikomo kinachofanya kazi, hata kama faili za kwota zipo na umeshaandika viwango. Usimlipe fundi bado! Mwambie aandike sudo quotaon -pa mbele yako. Mnatafuta maneno "is on". Kisha ampe mtumiaji wa majaribio kikomo kidogo na anakili faili kubwa. Ikikataliwa kwa "Disk quota exceeded", kwota imeshika.

Akimaliza, linganisha kodi za miamala kwenye taarifa ya tili na rekodi za duka, kuanzia siku diski ilipojaa. Na fundi akiomba nambari yako ya siri ya simu, mkatalie; kazi hii inahitaji nywila ya seva peke yake.