MAKAPI YA KUNDE NI MALI YA SHAMBA

Siku moja darasani mama mmoja alituuliza swali gumu. Alisema: "Mwalimu, mnatuambia tubadilishe mazao, maana mikunde hurutubisha udongo. Mimi nilipanda maharage. Mwaka uliofuata nikapanda mahindi pale pale, yakatoka ya njano vile vile. Mbona?"

Tulimwuliza alivunaje maharage yake. Akajibu: "Kama tunavyovuna sote. Niliyang'oa, nikayabeba nyumbani, nikapura. Makapi nikayachoma moto."

Basi, jibu alikuwa nalo mwenyewe. Lakini tulianza na mizizi kwanza, na wewe fanya hivyo hivyo.

Nenda kwenye shamba la kunde zinazoanza kutoa maua. Usiuvute mmea kwa mkono. Chimba pembeni kwa jembe, uinue pamoja na udongo wake, kisha osha mizizi polepole. Utaona vinundu vidogo vidogo. Wengine wakiviona husema ni ugonjwa. Kweli, upo ugonjwa wa minyoo ya mizizi, lakini huo huvimbisha mzizi wenyewe. Kinundu cha kunde hubanduka ukikisugua kwa kidole. Kipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi.

Kazi gani hiyo? Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, waitwao bakteria. Hewa tunayovuta, katika kila sehemu 100, sehemu 78 ni naitrojeni. Mahindi huitaka sana naitrojeni, ila hayawezi kuichukua hewani. Ndicho chakula kile kile tunachonunua katika mfuko wa urea. Bakteria huichukua hewani na kuupa mmea. Mmea nao huwalisha sukari. Ni ujirani mwema.

Sasa tusome hapa taratibu. Naitrojeni hiyo haikai yote kwenye vinundu. Nyingi hupanda juu, ikaingia katika majani na mbegu. Mbegu tunakula na kuuza, hilo ni fungu letu. Majani, mashina, maganda na mizizi ni fungu la shamba. Ukiyachoma, naitrojeni inaondoka na moshi. Tena maharage yenyewe hukusanya kidogo kuliko kunde au mbaazi. Yule mama alipata kidogo, na hicho kidogo akakitia kiberiti!

Kwa hiyo, kunde tuzikate kwa mundu, mizizi ibaki ardhini. Maharage, kama ni lazima kuyang'oa, tuyapurie shambani juu ya turubai, kisha tutawanye makapi. Karanga hazina budi kung'olewa, lakini majani yake yarudi. Ukiwapa mbuzi, sawa, ila samadi yao irudi shambani.

Mbaazi ina sifa yake. Hupukutisha majani yenyewe kabla hujavuna. Mwaka 2017 India ilipoweka mipaka ya kununua mbaazi kutoka nje, bei ilianguka, na wakulima wetu wa Lindi, Mtwara na Manyara wakaumia. Wengine waliiacha. Hatuwacheki, kwani ada ya shule hailipwi kwa majani. Lakini mwenye kuiacha kabisa anaacha na mbolea. Sisi tungepunguza eneo tu, tukabakiza kipande cha kubadilishana na mahindi.

KAZI YA DARASA: Msimu huu gawanyeni shamba moja la kunde katika vipande viwili vilivyo sawa. Kipande cha kwanza rudisheni makapi yote. Cha pili yaondoeni yote, kama mlivyozoea. Msimu ujao pandeni mahindi kote siku moja, mbegu moja, palizi moja. Mkivuna, pimeni kila kipande kwa debe lile lile, mwandike hesabu katika daftari. Yule mama ameshapima vipande vyake. Anangoja mvua.