Kupaka Rangi na Kumalizia Uso wa Mepo Wenye Mawimbi kwenye Gitaa la Umeme

Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi ambaye tayari ameunda kiwiliwili cha gitaa, amekibandika uso wa mepo, na sasa amefika penye kazi inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Uso ulioungwa vibaya hufunguliwa ukaungwa upya. Rangi ikishazama ndani ya mbao, huwezi kuitoa bila kuila mbao yenyewe.

Kwanza fahamu uzuri wa mbao hii unatoka wapi. Mepo ni mti wa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Magitaa hutumia zaidi mepo ngumu ya mashariki mwa Marekani na Kanada, na mepo laini ya majani mapana inayoota pwani ya Pasifiki. Mti wa kawaida una nyuzi zilizonyooka. Wenye mawimbi, nyuzi zake hupinda mbele na nyuma kama maji ya bahari, na ubao ukichanwa, nyuzi nyingine hulala na nyingine husimama zikionyesha vichwa. Zilizolala hurudisha mwanga, zilizosimama huumeza. Ndiyo maana mistari inahamahama unapogeuza gitaa mkononi. Mistari hiyo haikuchorwa juu ya ubao. Ni mwanga unaoingia na kutoka, na kila utakachopaka kitausaidia au kitauziba.

Kutokana na hilo, usitumie rangi yenye pigmenti kwenye mepo ya aina hii. Pigmenti ni chembe zisizoyeyuka. Hukaa juu ya nyuzi na kuzifunika kama vumbi juu ya kioo. Inayofaa ni rangi ya kupenya, ile ambayo unga wake huyeyuka kabisa katika maji au spiriti. Ya maji hukauka polepole, kwa hiyo inakupa muda wa kuisawazisha, ila inainua nyuzi. Ya spiriti hukauka upesi mno na huacha mabaka mkono ukichelewa. Kwa fundi anayeanza, naipendelea ya maji. Uliza pia kama rangi inavumilia jua. Magitaa ya Gibson Les Paul ya 1958 hadi 1960 yalitoka kiwandani yakiwa na wekundu wa cheri pembezoni, na mengi yamepauka hadi kubaki na manjano au kahawia kwa sababu rangi nyekundu iliyotumika haikuhimili mwanga. Leo wakusanyaji wanayapenda hivyo hivyo, lakini mteja wako anayechagua nyekundu anataka nyekundu. Rangi za kupenya zilizofungamanishwa na metali hudumu zaidi kwenye mwanga.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Usipige randa mepo yenye mawimbi dhidi ya nyuzi, kwa kuwa hapa nyuzi zinageuka kila sentimita na kisu kitang'oa vipande. Tumia bati la chuma la kukwangulia lililonolewa vizuri, kisha msasa namba 120, 150, 180 na 220, ukifuata urefu wa ubao. (Msasa ulianza kuwa mti kabla haujawa karatasi: majani yake makavu yanakwaruza, na wazee waliyatumia kulainishia mbao.) Ishia 220. Anayeendelea hadi 400 akidhani anaboresha hung'arisha nyuzi kiasi kwamba rangi haizami tena, na mawimbi hubaki hafifu. Kisha lowesha uso kwa kitambaa chenye maji safi, uache ukauke kabisa, na upitishe 220 kwa mkono mwepesi kuondoa nyuzi zilizoinuka. Rudia mara ya pili ikiwa utatumia rangi ya maji.

Adui mkubwa ni gundi. Tone dogo lililofutwa kwa kidole wakati wa kuunganisha vipande viwili vya uso halionekani kwenye mbao kavu, ila rangi ikipita hapo huacha doa jeupe. Pangusa uso wote kwa spiriti na uutazame kwa mwanga wa ubavuni: penye gundi hapabadiliki kama kwingine. Pakwangue kabla ya kwenda mbele.

Sasa jaribu kwenye kipande. Si kipande chochote cha mepo. Kiwe masalio ya ubao ule ule, kilichopigwa msasa kwa namba zile zile. Kipake hatua zote hadi laka ya mwisho. Fundi anayejaribu rangi peke yake bila laka anajidanganya, kwa sababu rangi ya kupenya ikikauka hufifia na kuonekana kama vumbi, halafu laka huirudishia uhai. Andika vipimo vya unga na maji kwa gramu na mililita. Mteja akisema ongeza kidogo, utajua kidogo ni kiasi gani.

Njia inayotumika sana kuamsha mawimbi ni kupaka rangi ya giza kwanza, kuiacha ikauke, kisha kuipunguza kwa msasa namba 220 au 320. Nyuzi zilizosimama zimekunywa sana na hubaki na giza. Zilizolala hurudi kuwa nyeupe. Ndipo unapopaka rangi unayoikusudia juu yake. Hapa nina msimamo: mafundi wengi hutumia nyeusi kwa kila kitu, na hilo ni kosa. Nyeusi chini ya manjano huleta kijani cha ugonjwa. Kwa gitaa la rangi ya asali au ya machweo (nyepesi katikati, giza ukingoni) tumia kahawia iliyozimuliwa; nyeusi iache kwa buluu, zambarau na kijivu. Na usizidishe. Mistari ikishakuwa kama ya pundamilia, mwanga hauhami tena, na umeua kile ulichokilipia. Uso ukiwa ni utando mwembamba wa milimita moja au chini yake, ruka hatua hii au punguza kwa mkono bila mashine, maana utatoboa hadi mbao ya chini.

Kwa machweo, anza na rangi nyepesi uso mzima, kisha ongeza giza ukingoni kwa tambara, ukichanganya mpaka wake kwa tambara jingine lenye maji matupu. Kumbuka kwamba penye mteremko wa uso uliochongwa, nyuzi nyingi zimekatwa vichwa na zitakunywa kupita kiasi. Palowanishe maji kabla ya rangi ili kiu ipungue. Ukingo ukiwa na ukanda wa plastiki, rangi ya maji hukwanguliwa kwa wembe bila shida. Ya spiriti inaweza kuingia ndani ya plastiki na isitoke. Mgongo ukiwa wa mahogani, uzibe kwa tepu ya karatasi: mahogani inahitaji kujazwa vinyweleo, mepo haihitaji, na kijazio cheusi kikigusa mepo huacha alama.

Rangi ikishakauka, inafuata laka. Laka ya nitro (nitroselulosi) ni nyembamba na inang'aa kwa kina, lakini hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo juu ya buluu tumia laka ya akriliki isiyobadilika. Tabaka za kwanza zipulizwe nyepesi kama umande, kwani tabaka nzito huivuta rangi. Usiguse msasa hadi tabaka tatu au nne zimekaa. Rangi iko karibu sana na uso, na ukiifikia utapata doa jeupe ambalo halizibiki kwa siri. Kingo na pembe ndizo hutoboka kwanza.

Kwa anayefanya kazi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, unyevu ni jambo la kuhesabu. Thina ya laka inapokauka hupoza uso, mvuke wa hewa hugeuka matone juu yake, na laka hupata ukungu mweupe. Subiri mchana mkavu, au ongeza thina inayokausha polepole. Wakati wa masika usipulize kabisa.

Mvuke wa laka unalipuka, basi pasiwe na jiko la mkaa wala sigara karibu. Laka ya vipengele viwili, ile yenye kigumishi, ina isosayaneti zinazoweza kukuachia pumu ya maisha. Usiipulize bila barakoa inayoletewa hewa safi. Ukiwa umetumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandazwe nje yakauke, yasirundikwe, kwa sababu hupata moto yenyewe.

Mwishowe acha laka ya nitro wiki tatu au nne. Ipige msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000, kisha ing'arishe. Kabla ya kufunga vifaa, nusa tundu la waya: ikiwa bado linanuka thina, lining'inize gitaa tena wiki moja.