Mbwa wa Msasi: Pua Yake na Utunzaji Wake

Wahenga walinena, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Maneno hayo ni ya haki, walakini ukali peke yake hautoshi. Katika vijiji vya bonde la Lukuledi, na huko juu Newala, mbwa wa thamani ni yule ajuaye kufuata harufu ya nguruwe mwitu aharibuye mihogo usiku.

Umbo lake. Mbwa wetu si kama Bloodhound wa Ulaya, mwenye mwili mzito na masikio marefu yaning'iniayo. Wetu ni mwembamba, manyoya yake mafupi, na jua hulistahimili. Lakini kazi ya pua ni moja. Puani mwa mtu mna chembe za kunusia zipatazo milioni 5 au 6. Za mbwa zapita milioni 200.

Harufu. Harufu hukaa penye umande. Jua likipanda na ardhi ikikauka, hupotea. Basi msasi atokaye saa nne, kisha akampiga mbwa kwa kupoteza nyayo, amemwonea; kosa ni lake mwenyewe. Tena akumbuke kwamba kuwinda pasipo kibali ni kuvunja Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009.

Utunzaji. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo mpe maji kabla ya safari na baada yake, hata kama kisima ki mbali. Ugali mtupu haumtoshi. Mtilie mabaki ya samaki au nyama. Mkirudi porini, mtafute kupe masikioni na katikati ya vidole. Akikonda na macho yake yakiingia ukungu, huenda ameumwa na mbung'o mwenye ugonjwa: mpeleke kwa bwana mifugo.

Kichaa cha mbwa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Dalili zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno. Lakini dawa ya kukinga ipo, tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Wakubwa wa vijiji na walimu, siku ya chanjo itangazeni mapema. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mbwa alindaye shamba letu asiwe yeye atakayetuulia watoto.