Samaki Aliyehesabiwa Kuwa Amekwisha

Katika somo letu la leo twataka kuzungumza khabari ya samaki mmoja wa bahari yetu hii hii. Watu wa vitabu walimhesabu kuwa amekwisha duniani, na hali wavuvi wa visiwa vya Komoro wakimvua kwa mshipi na kumjua kwa jina. Wao humwita gombesa. Wataalamu humwita silakanti.

Mwaka wa 1839 mtaalamu Louis Agassiz aliwapa jina samaki wa jamii hii kutokana na miili iliyogeuka mawe. Mawe kama hayo yalipatikana pahali pengi, lakini katika yale yaliyofanyika tangu kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita hakuonekana tena. Wakakata shauri kuwa kizazi chake kimekatika. Hoja yao, tukiitazama vyema, ilikuwa hii tu: hatukumwona. Na baina ya kutoonekana kitu na kutokuwapo kwake kuna masafa marefu.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa East London, Afrika ya Kusini, bibi mmoja mtunzaji wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alikwenda kutazama samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Chini ya rundo aliona pezi la buluu. Walipoondolewa wa juu akatokea samaki wa mita moja u nusu, mwenye magamba magumu, na mapezi yake yametokeza kwa vikonyo vya nyama mfano wa miguu. Bibi hakumjua, lakini hakumtupa. Alimchora, akapeleka picha na barua kwa J. L. B. Smith, mwalimu wa chuo cha Grahamstown. Jawabu ilikawia, na joto la Desemba huko ni kali. Samaki akaoza, matumbo yake yakatupwa. Smith alipofika mwezi wa Februari 1939 alikuta ngozi iliyojazwa. Akampa jina la Latimeria kwa heshima ya bibi yule, lakini mambo ya ndani ya samaki yalibaki hayajulikani.

Smith akapigisha chapa karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. (Kiswahili hakikuwamo, na wavuvi wengi wa pwani ndicho wasemacho!) Miaka 14 ikapita. Mwaka wa 1952 karatasi hizo zilifika Komoro kwa mkono wa nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi. Desemba ya mwaka huo Ahamadi Abdallah, mvuvi wa Domoni katika kisiwa cha Nzuwani, akamvua gombesa, akampeleka sokoni kama samaki yeyote. Hapo mwalimu mmoja wa skuli akamtambua kwa ile picha, naye samaki akachukuliwa kuvuka kisiwa hata kwa Hunt. Smith akaja kwa ndege ya jeshi, na alipomwona alilia.

Wasomaji wetu na wazingatie. Wavuvi wale walikuwa wakijua kuwa gombesa hupatikana usiku, katika maji ya kina, wakati wa kuvua nesa, na kuwa nyama yake ina mafuta mabaya, haipendwi. Ilimu hiyo ilikuwa sahihi, nayo ilikuwapo wakati vitabu vikisema samaki hayupo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza. Wala hatusemi kuwa kalamu haikuwa na kazi: bila ya picha ile, samaki wa Domoni angekatwa vipande sokoni, na khabari ikaishia hapo.

Baada ya hapo maarifa yalizidi. Mwaka wa 1975 wataalamu wa Marekani walipasua jike mmoja wakakuta ndani yake watoto watano, ndipo ikajulikana kuwa hazai mayai. Mwaka wa 1987 Mjerumani Hans Fricke aliteremka na chombo cha chini ya maji karibu na Ngazija, akamwona akiogelea, mara nyengine kichwa chini. Mapezi yake huenda kwa kupishana, kama mnyama anavyopishanisha miguu. Lakini hatembei, ingawa wengi wamesimulia hivyo. Mchana hukaa mapangoni, usiku hutoka kuwinda.

Khabari hii si ya Komoro peke yake. Mwaka wa 2001 alivuliwa mmoja mbele ya Malindi, na tangu mwaka wa 2003 wameonekana wengi Tanzania, khasa upande wa Tanga, wakinaswa na majarife ya papa yategwayo kwenye kina. Hifadhi ya bahari ilitangazwa huko mwaka wa 2009. Uchunguzi wa magamba uliotolewa mwaka wa 2021 waonyesha kuwa samaki huyu huweza kuishi kiasi cha miaka 100, na mimba yake ni kiasi cha miaka mitano. Jike mmoja akifa jarifeni, si rahisi pengo lake kuzibwa.

Basi mvuvi wetu akimpata yu hai, amrudishe upesi. Akimkuta amekufa, asimkate wala asimtoe matumbo. Aandikiwe pahali alipompata, saa, na pima za maji, kisha apelekewe khabari afisa wa uvuvi siku hiyo hiyo.