Kumwendea Mwanamume Alipo kwa Ajili ya Afya Yake

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), ujue, ewe ndugu, ya kuwa kujitibu ni sunna katika madhehebu ya Imam Shafi, na kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye. Lakini yuko mgonjwa asiyelala kitandani. Huenda sokoni, huswali jamaa safu ya kwanza, na presha ya damu inampanda wala haumwi na kitu, hata siku moja akashikwa na kiharusi, wakabaki watoto hawana wa kuwalisha. Huyu ni nani atakayemzuru, na hali yeye mwenyewe hajijui?

Amepokea Abu Dawud ya kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akamwendea, akamwekea mkono kifuani hata akauona ubaridi wake moyoni, akamjulisha kuwa ana maradhi ya moyo, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, aliyekuwa tabibu. Tazama: hakumpelekea salamu tu akiwa mbali.

Katika mji wa Los Angeles, Marekani, jambo hili lilipimwa kwa hisabu, na khabari zake zikatangazwa mwaka 2018. Walichukuliwa wanaume weusi 319, wateja wa vinyozi katika maduka 52, wote wenye presha ya juu. Walifuatwa kwa vinyozi kwa kuwa mwanamume humwendea kinyozi wake miaka na miaka, na amwachiaye mtu shingo yake chini ya wembe hakosi kumwamini. Katika baadhi ya maduka, vinyozi waliwanasihi wateja waende kwa daktari na watengeneze mwendo wao wa maisha. Katika mengine, mfamasia mwenyewe alifika dukani, akawapima, akawaandikia dawa kwa mapatano na madaktari wao, akarudi tena na tena. Baada ya miezi 6, wale walionasihiwa tu hisabu ya juu ya presha yao ilishuka kiasi cha 9. Waliofikiwa na mfamasia ilishuka 27. Tena katika hawa, zaidi ya 63 kwa kila 100 walishuka chini ya 130 kwa 80, na wale wengine hawakutimia 12.

Basi khatibu awaambiaye watu juu ya mimbari waende wakapimwe amefanya jema, lakini amefika pale walipofika vinyozi wa nasaha. Wakuu wa msikiti na wamwite tabibu akae barazani baada ya swala ya Ijumaa pamoja na kipimo chake. Mkono si uchi wa mwanamume, basi hapana udhuru wa haya. Dawa zisiuzwe ndani ya msikiti, maana kuuza humo ni karaha. Jina la kila aliyepimwa na hisabu yake viandikwe katika daftari lisilosomwa na kila mtu, kwani maradhi ya mtu ni amana. Na Ijumaa ya pili tabibu arudi na daftari lile, amuulizie asiyeonekana, naye afuatwe nyumbani kwake.