Utunzaji wa Nyumba za Kukodisha Kabla ya Masika

Wananchi wenye nyumba za kukodisha katika miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani, pamoja na watumishi wa Serikali wanaokaa katika nyumba hizo, wanaombwa kulisoma somo hili kabla masika hayajaingia.

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na kuanzia Machi hadi Mei si rahisi kumpandisha fundi juu ya paa. Kwa hivyo paa likaguliwe wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari. Njia yake haina gharama: katika nyumba isiyo na dari, mwenye nyumba aingie chumbani saa sita mchana, afunge madirisha, kisha atazame juu. Kila anapoona nukta ya mwanga, hapo ndipo maji yatakapopita. Kutu ya bati aghalabu huanza kwenye matundu ya misumari na mahali mabati yanapopandana. Tundu likiachwa, maji huiozesha mbao, na mbao ikishaoza kubadilisha bati peke yake hakutoshi.

Nyumba kongwe za mawe na chokaa zina hitaji lao. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka chini, kisha huutoa nje kupitia chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungika ndani, na baada ya muda plasta huvimba na kubanduka vipande vipande. Wako wenye nyumba wanaomlaumu mpangaji kwa kumwaga maji ovyo, ilhali kosa ni la saruji waliyoigharamia wenyewe.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, halimo ukutani. Nyumba nyingi za kukodisha ni za urithi. Ndugu mmoja yuko Wete, mwengine Unguja, mwengine Muscat; kodi hugawanywa kila mwezi hadi shilingi ya mwisho, na paa linapovuja kila mmoja humtazama mwenzake. Ikumbukwe kwamba anayepokea fungu la kodi hubeba pia fungu la gharama, kwa kadiri ya hisa yake. Tuseme marehemu ameacha watoto tu, wana wawili na mabinti wawili. Nyumba ina hisa sita: kila mwana mbili, kila binti moja. Matengenezo yakifika shilingi 600,000, kila mwana atatoa 200,000 na kila binti 100,000. Ni uzito usio wa lazima kumwachia yule anayekaa karibu alipe yote kisha aanze kudai kwa simu. Lililo bora ni kutenga sehemu ya kodi kabla ya kuigawa, na daftari lake lionekane na warithi wote. Pale ambapo mirathi yenyewe haijagawanywa, familia ifike Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kwani kodi ya nyumba isiyojulikana hisa zake huzaa ugomvi kila mwezi.

Kwa upande wa mpangaji, makubaliano yaandikwe hata kama wanaopangishana ni jamaa. Yataje kiasi cha kodi, muda, notisi ya kuhama, na nani anatengeneza nini. Mpangaji asikarabati kisha akakata kodi kwa hiari yake. Apate kwanza idhini ya maandishi, aweke na risiti za vifaa. Mgeni anayehamia ajulishwe kwa Sheha wa shehia husika.

Umeme wa mita ya TUKUZA hulipiwa kabla ya kutumika, hivyo matumizi yake hayamwachii mtu deni. Bili ya maji ni jambo jengine, na huweza kubakia mlangoni baada ya mpangaji kuondoka. Siku ya kukabidhiana funguo, pande mbili zizunguke nyumba pamoja, chumba kwa chumba hadi chooni na kwenye karo, waandike kila kilichovunjika na kila kilicho kizima, kisha kila mmoja abaki na nakala yenye saini ya mwenzake.