Kunyimwa Si Kusahauliwa
JUMATANO

Soma Isaya 49:14–16. Sayuni alilalamikia jambo gani? Mungu alimjibu kwa mfano gani?

Mtoto mchanga wa Nansio akihitaji upasuaji mkubwa, mara nyingi mama huvuka naye ziwa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa kawaida mama huagizwa asimnyonyeshe kwa saa 4 kabla ya upasuaji, maana mtoto akiwa katika usingizi wa dawa, maziwa yaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Mtoto hulia. Yupo kifuani pa mama, anasikia harufu ya maziwa, wala hapewi. Hajui kwamba ananyimwa ili aishi.

Sayuni naye alidhani ameachwa. Mungu hakumkemea kwa kilio chake. Alimwonyesha viganja alimomchora. Jibu likikawia, hatujasahauliwa, ingawa huenda sababu tusiielewe sasa.

Maswali ya Kujadili:

Utamwambia nini mzazi anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji, bila kumwahidi usilolijua? Darasa lenu laweza kuwasaidiaje watoto wake waliobaki nyumbani?